Nafuata kila ofa, mbona tarehe 20 nimeishiwa?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Kayole na kazi yangu iko Industrial Area. Mimi na baba watoto hutenga shilingi 24,000 kila mwezi za chakula, sabuni na vitu vidogo vya nyumba. Nimejitahidi kubana: simu yangu ina programu tatu za supamaketi, nina kadi mbili za pointi, na kila Jumamosi nazunguka maduka manne nikifuata ofa. Orodha huiandika Ijumaa usiku na siivunji. Hata hivyo, ikifika tarehe 20 tunaanza kukopa dukani. Jirani yangu haandiki chochote, hununua anachokuta rahisi, na mwezi wake unaisha vizuri kuliko wangu. Nakosea wapi?

JIBU: Mama, tuanze na hiyo Jumamosi yako. Maduka manne hayako mlango mmoja. Tukadirie nauli ya kwenda la kwanza shilingi 50, kutoka hapo hadi la pili 50, la tatu utembee, la nne na kurudi nyumbani 80. Hiyo ni 180. Mtoto uliyeandamana naye hapiti mbele ya friji ya soda bila kusimama, ongeza 60. Sasa toa risiti za Jumamosi iliyopita, na kando ya kila kitu cha ofa uandike ulichookoa: hapa 15, pale 22, kwenye sabuni ya unga 40. Ukifika 240 nitakuvulia kofia. Wengi ambao nimeketi nao mezani na risiti zao huishia mia moja na kitu, halafu wananyamaza.

Lakini nauli ni kosa dogo. Kosa kubwa liko pale unaposema, tena kwa fahari, kwamba orodha yako huivunji.

Nitakueleza nilivyojifunza mimi, kwa gharama ya mtu mwingine. Kabla ya kazi hii ya kupangia familia matumizi, nilikuwa mnunuzi wa chakula wa shule moja ya bweni hapa Nairobi. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Aprili, mpishi mkuu alinipa karatasi: nyanya, kreti mbili. Mvua ilikuwa imepiga wiki tatu mfululizo. Nilifika Marikiti, lile soko kubwa la Wakulima mjini, saa kumi na moja alfajiri, matope yakinifika vifundoni, wasukuma mikokoteni wakinifokea nipishe njia. Kreti ya nyanya ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei niliyoiacha Februari, na nusu ya zile za chini zilikuwa zimeanza kutoa maji. Nikalipa, kwa sababu karatasi ilisema nyanya. Mama aliyeniuzia alihesabu noti, akazikunja ndani ya leso, akaniuliza bila hata kuniangalia: "Hao watoto wako wanakula nyanya, ama wanakula mchuzi?"

Sikuwa na jibu. Kitunguu kilikuwa pale pale, karoti zilikuwa mafungu kwa mafungu, nyanya ya kopo ilikuwa duka la pili kutoka pale. Mchuzi ungepatikana kwa nusu ya pesa. Mimi nilinunua jina.

Tangu siku hiyo orodha zangu huziandika kwa kazi, si kwa jina. Badala ya "sukuma, nyanya, viazi, maharagwe" naandika: majani ya siku tatu, kitu cha kuleta mchuzi, kitu cha kushibisha kisicho unga, kitu cha kuchemsha mara moja kikaliwa mara tatu. Jina nalitafuta nikiwa sokoni, baada ya kuona bei. Nina hakika jirani yako anayo orodha ya namna hiyo kichwani, ila hajaiandika. Hanunui ovyo. Anajua nyumba yake inahitaji majani, na hajali kama yatakuwa sukuma, kabeji, mchicha, terere, managu au kunde.

Na hapa Nairobi kutojali huko kunalipa sana, kwa sababu bei za sokoni hazipandi zote kwa pamoja. Kati ya Januari na Machi, jua likiwa kali, fungu la sukuma hukonda hadi unahesabu majani kwa vidole, na maziwa nayo huadimika kwa sababu ng'ombe hawana nyasi. Miezi hiyo kabeji hunisaidia, maana hukaa siku kadhaa bila friji, na ndengu na kamande hazijali jua. Mvua ndefu zikishika, Aprili na Mei, mambo yanageuka: majani yanajaa, terere inaota hata kando ya mtaro, huku nyanya zikiliwa na ukungu shambani na barabara za mashambani zikiwa tope. Msimu unaokunyima nyanya ndio unaokumwagia majani. Mwenye orodha ya majina hulipia sukuma ya Februari na nyanya ya Mei. Kila mwezi ananunua kitu kilichopanda bei.

Mahindi nayo yana kalenda yake. Mavuno makubwa ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huanza kuingia Oktoba na kuendelea hadi Desemba, kwa hiyo gorogoro ya mahindi, lile kopo la kupimia nafaka, huwa nafuu mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa ule unaofuata, kisha hupanda taratibu hadi Mei, Juni na Julai, wakati maghala yamebaki na vumbi. Maembe ni kuanzia Novemba hadi Machi hivi. Wakati huo usimnunulie mtoto tofaa la kutoka nje ya nchi, mpe embe. Viazi vya Nyandarua, Molo na Meru hupanda na kushuka zaidi ya mara moja kwa mwaka, na wiki viliposhuka ndiyo wiki ya kuupa unga mapumziko.

Sasa, swali la wapi. Siwezi kukwambia upande matatu uende Marikiti kila wiki. Nauli ya kwenda kutafuta bei rahisi ni sehemu ya bei. Lakini ipo nauli ambayo tayari umeilipa. Kila jioni unatoka kazini kurudi Kayole. Kama gari lako hupita Jogoo Road, basi Muthurwa, Gikomba na Burma ziko karibu na njia yako, na ukishuka Muthurwa Jumanne na Alhamisi kwa nusu saa, hutakuwa na haja ya Jumamosi. Kama hupita upande wa Donholm, liko soko la Mutindwa pale Umoja, na la Kayole kwenyewe. Soko zuri ni lile ambalo miguu yako inalipita ukiwa na kikapu. Na kikapu uwe nacho kweli: tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kila safari isiyo na kiondo ni mfuko mwingine wa kununua. Nenda kuhesabu mifuko iliyokunjwa chini ya sinki yako.

Saa ya kununua ina uzito sawa na mahali. Mboga za majani, nyanya zilizoiva na ndizi hushuka bei kuanzia saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa muuzaji hana chumba cha baridi na anajua kesho zitakuwa zimenyauka. Nafaka haina haraka hiyo. Mwuza maharagwe atalala salama hata usiponunua, kwa hiyo usipoteze jioni ukibishana naye. Asubuhi kuna nafasi nyingine. Muuzaji ambaye hajapata mteja hata mmoja hataki kukuacha uende, atakwambia "nifungulie, mama," na bei aliyoikataa jana saa sita mchana ataikubali. Kwa nguo na vyombo, hiyo ndiyo saa yangu.

Halafu kuna tarehe. Kuanzia tarehe 28 hadi 5 mji mzima una pesa, na muuzaji hana sababu ya kukusikiliza. Kati ya tarehe 15 na 24 yeye ndiye anayekutafuta. Wewe hufika tarehe hizo mkono mtupu, ukakopa dukani, na mwenye kukopa hachagui kitu wala bei. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha lolote lingine, toa shilingi 4,000 katika zile 24,000 na uziweke mahali usipozifikia kirahisi hadi tarehe 15. Sizungumzii akiba. Hizo ni pesa za kununulia wakati wengine hawana.

Nije kwenye vipimo, maana hapa ndipo ninapokasirika.

Mafuta ya kupima yanaonekana rahisi kwa sababu unatoa shilingi 20 tu. Chukua chupa tupu ya dawa ya kikohozi, ile ya mililita 100, uioshe, uende nayo dukani. Mwambie akupimie ya shilingi 40, uone yanafika wapi. Tuseme yamejaa hadi shingoni: basi lita moja umeinunua kwa 400. Kama lita ya chupa iliyofungwa iko kwa 330 rafuni, kila lita umetoa 70 zaidi. Nyumba inayotumia lita nne kwa mwezi imepoteza 280 kwa kitu kimoja tu, na hatujagusa sukari, majani chai wala sabuni. Huu uchumi wa kadogo humtoza zaidi mwenye kidogo. Simlaumu mwenye duka, naye ana kodi. Nalaumu tarehe 20, inayokufanya ununue mafuta kwa kijiko. Chupa hiyo ya kikohozi usiitupe. Siku nyingine utakuta kipimo cha dukani ndicho kilicho nafuu kuliko chupa, na hapo ununue cha kupima bila aibu.

Kanuni hiyo hiyo uende nayo supamaketi. Kikubwa si lazima kiwe rahisi. Nimeona sabuni ya unga ya kilo moja ikigharimu zaidi ya pakiti mbili za nusu kilo zilizokaa kando yake, na kibao chekundu cha ofa kikiwa kwenye ile kubwa. Toa simu, gawa bei kwa gramu. Karatasi za msalani ni mbaya zaidi, kwa sababu msokoto mmoja una karatasi nyingi na mwingine una hewa. Idadi imeandikwa kwa herufi ndogo, isome.

Na gorogoro. Kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia limekuwa mizani ya taifa hili, na kila kopo lina historia yake. Kabla muuzaji hajaanza kumimina, liombe, ingiza mkono ndani uguse kitako. Kikiwa kimebonyezwa kwa ndani kama kifuniko cha sufuria, umepoteza kiganja kizima cha maharagwe. Tazama na ubavu: kopo lililopondwa pande mbili halijai kama lililo duara. Halafu mtazame anavyomimina. Anayemimina polepole kutoka karibu hulegeza punje. Anayetikisa kopo mara mbili, kisha akaongeza hadi kichuguu kikamwagika, huyo mrudie. Wala usiseme neno ukikuta kitako kibaya. Rudisha kopo, sema asante, sogea meza ya pili. Nyamakima, kwenye maduka ya nafaka, wana mizani. Ukinunua kuanzia kilo tano, sema kilo, usiseme gorogoro.

Mizani ndiyo itakayokuokoa pia mkinunua kwa kundi, jambo ambalo nakuomba ulifikirie. Huhitaji chama chenye katiba na mweka hazina. Nyumba tatu za ploti moja zinatosha. Belo la unga lina pakiti 12 za kilo mbili. Kila nyumba ikichukua nne, mmepata bei ya jumla bila yeyote kuweka belo zima chini ya kitanda. Viazi vinahitaji macho zaidi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka mwisho wa gunia kuwa kilo 50, lakini bado utakutana na lile gunia lililoongezwa kilemba juu, ambalo watu wa viazi huliita mukorino, na bei yake huwa ya kubahatisha kwa kila mtu isipokuwa muuzaji. Agizeni kilo 50 kwa mizani. Pindueni gunia mbele yake kabla hamjalipa. Vilivyo juu huchaguliwa. Vilivyogeuka kijani kataeni, vina sumu. Na anayebeba gunia asilipe sawa na wengine. Mwondoleeni nauli, la sivyo mwezi wa tatu kundi litakuwa limevunjika. Nimeona mengi yakifa kwa sababu hiyo, hata wizi haujayaua kiasi hicho.

Mkilipa kwa simu, lipeni kwa till ya Lipa na M-Pesa (Buy Goods) badala ya kumtumia mtu binafsi. Kwa till mnunuzi hakatwi. Ukituma kati ya shilingi 101 na 500 kwa namba ya mtu unakatwa 7. Mara kumi na tano kwa mwezi ni kilo ya ndizi.

Kuna mahali ambapo sitaki ulegee hata kidogo. Mahindi yenye ukungu, au yenye unyevu unaousikia ukiyashika kiganjani, usinunue hata ukipewa bure. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya aflatoksini iliyokuwa kwenye mahindi. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Haitoki ukisaga. Kwa hiyo unga wa kisiagi, ambao kwa kawaida humpa mtu nafuu kuliko wa pakiti, ni mzuri ikiwa wewe mwenyewe umechagua mahindi makavu, umeng'ata punje ikalia, na umeondoa zilizobadilika rangi. Ikiwa mwenye kisiagi anakuuzia unga uliokwisha sagwa kutoka gunia ambalo hukuliona, lipia pakiti.

Mtungi wa gesi ni hivyo hivyo. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu yake. Kama chapa inasema 6.8 na umenunua gesi ya kilo sita, mizani isome 12.8. Bei ya chini kwa mtungi usiopimwa ni bei ya juu kwa gesi iliyopungua, na valvu yake sijui imeguswa na nani. Kwa vitu vilivyofungwa vinavyouzwa kwa bei ya kushangaza, kama vile mafuta, juisi za watoto na sabuni za mwili, tazama alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Namba ya kibali iliyo chini yake unaweza kuituma kwa ujumbe, SM# ikifuatwa na namba hiyo, kwenda 20023, wakakwambia ni ya nani. Dawa nunua kwenye famasia, basi.

Nguo nitapita haraka, kwa kuwa hukuuliza, ila ziko ndani ya vile "vitu vidogo" vyako, nimezifahamu. Kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi, belo likifunguliwa, nguo bora zinazochaguliwa kwanza huitwa kamera na bei yake huwa ya kamera. Mabaki ya mwisho ni fagia. Kwa mtoto anayekua, atakayevaa suruali miezi saba, sijaona sababu ya kamera. Fagia iliyochambuliwa kwa subira, ukavuta zipu na kutazama mshono wa makalio kwenye mwanga, inatosha. Sare za shule zinunue Novemba, kabla ya msongamano wa Januari. Vitabu vya mkono wa pili vinavyotandazwa kando ya barabara mjini ni vizuri, lakini linganisha jalada na toleo alilotaja mwalimu; kitabu cha mtaala wa zamani hata kikiwa shilingi 50 ni karatasi za kufungia njugu. Sufuria na vyombo, Kamukunji.

Sasa zile programu tatu na kadi mbili. Bakisha moja, ya supamaketi iliyo njiani. Ofa si uongo, ila ofa hukwambia bei ya kitu imeshuka kutoka wapi, haikwambii bei yake iko wapi ukilinganisha na duka la jumla la mtaani. Ndiyo maana nakusihi ukariri bei kumi. Kumi tu: unga, sukari, mafuta, mchele, maziwa, maharagwe, mayai, ngano, sabuni ya kipande, na kitu kimoja ambacho nyumba yako haiwezi kukikosa. Ziandike nyuma ya mlango wa kabati, kila moja na bei ya chini kabisa uliyowahi kuilipa na mahali ulipoilipa. Siku utakapoona bei iliyo chini ya ile ya mlangoni, kwa kitu kisichooza, nunua cha miezi miwili. Bei isipofika hapo, hiyo si ofa, ni rangi nyekundu. Kuhusu pointi, mimi nilizikusanya miaka sita katika duka moja kubwa, nikisubiri kununua blenda. Duka lilifungwa. Kadi ninayo bado, huwa naifungulia mlango nikisahau ufunguo wa chumba cha watoto.

Nakuomba pia jambo moja ambalo litaonekana kinyume na kazi yangu: usimkamue mama mboga wa ploti yenu. Bei yake iko juu ya Muthurwa, ndiyo. Lakini anakukatia sukuma ukiwa umechoka, anakuongezea dania na pilipili hoho moja bila kuombwa, na tarehe 22 anakuandika kwenye daftari lake bila kukuuliza kitambulisho. Shilingi tano utakazomnyang'anya leo utazilipa siku ya fungu dogo. Kwake nunua vya leo, vidogo, vya haraka. Vya wiki nunua njiani. Na mjulishe unachoweza kula chochote: "Mama, ukibaki na majani yoyote saa moja na nusu, nipigie." Mimi na wangu tuna mapatano hayo mwaka wa tano sasa. Hupiga mara mbili kwa wiki, na mara nyingi sijui nitakula nini hadi simu ilie.

Jirani yako naye usimwige moja kwa moja. Ulegevu wake una mlango wa nyuma: siku kila kitu ni rahisi, mtu asiyeiandika orodha yake hununua kila kitu. Nimewahi kuingia nyumba yenye kilo tisa za chumvi. Karatasi yako ya kazi ndiyo kinga. Kabeji ya bei ya kutupa ikikuita na nafasi ya "majani" imejaa, kabeji hiyo si yako.

Ungeanza hivi. Ijumaa hii usiandike orodha. Toa ya wiki iliyopita, futa kila jina, andika kando yake kazi yake. Jumamosi kaa nyumbani. Jumanne shuka Muthurwa saa kumi na mbili ukiwa na kiondo na shilingi 700, si zaidi, ujaze nafasi tatu: majani, mchuzi, na kitu cha kuchemsha. Zunguka mara moja bila kununua, ukiuliza bei tu, kisha rudi. Watoto wakiuliza kwa nini leo ni kunde na ndengu badala ya sukuma na nyama, waambie ndizo zilizokuwapo. Ukifika tarehe 20 niandikie unipe namba mbili: kilichobaki kwenye zile 4,000, na bei ya gorogoro ya maharagwe hapo Kayole. Hiyo ya pili naitaka mimi mwenyewe, nina watu watatu upande huo wanaosubiri ishuke.